Wagonjwa Saba Walipasuliwa

Mpui,
14 Septemba 1991

Mpwa wangu Felisian,

Barua yako ya Julai imenifikia juzi, ikiwa imelowa upande mmoja na kukauka tena. Nimeipokea kwa furaha hivyo hivyo. Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha umri wetu. Josefina, mke wangu, anakusalimu. Mafua ya upepo wa Juni yalimkaa kifuani hadi Agosti, lakini sasa amerudi shambani na analima kuliko mimi. Mahindi tumevuna ya kutosha. Ulezi umekuwa haba, maana ndege waliuwahi kabla yetu. Madukani sasa kuna kila kitu: sabuni za rangi tatu, betri, biskuti kutoka Zambia, na mashati ya mitumba yenye maneno ambayo wavaaji hawayajui maana. Zamani tuliipangia sabuni foleni. Sasa sabuni ndiyo inayotupangia foleni sisi. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: ruksa.

Msalimie mkeo Debora, na mtoto. Bado sijalizoea jina la Sharon, ila naliandika kama mlivyoliandika.

Kabla ya jambo lenyewe, nikukumbushe mambo mawili. Umeandika "masaa mengi". Saa moja, saa mbili, saa nyingi. Umeandika pia "mimi kama daktari". Wewe hufanani na daktari. Wewe ni daktari. Nilikufundisha miaka mitatu shule ya kati, na sitaki jeshi linirudishie Kiswahili kilichochakaa.

Jambo lenyewe ni mama yako. Lile rovu la shingoni uliloliona mwaka 1987, likiwa kama yai la kuku, sasa limezidi ngumi ya mwanamume na limeinamia upande wa kushoto. Kwaya ameacha. Akipanda kutoka kisimani hupumzika mara nne, na pumzi yake husikika kama msumeno kwenye ubao mbichi. Ugali anaumeza kwa maji. Halali chali tena, analala ameegemea gunia.

Unajua wanawake wenye rovu huku Ufipa si wachache, na wengi huzikwa nalo wakiwa wamekufa kwa mambo mengine. Lakini muuguzi wa zahanati amemtazama mama yako akaniambia kando kwamba hili linabana koo, lisingojewe. Madaktari wapasuaji huja kwa ndege katika hospitali ya misheni mwezi wa Novemba, na jina lake limeandikwa. Mama yako Evodia amenijibu hivi: "Kaka, mimi sipasuliwi na mtu nisiyemjua. Kwani nilimzaa mpasuaji wa nini?"

Nami nawaza vivyo hivyo. Wewe uliyepasua watu ndani ya hema Uganda mwaka 1979, ukimulikiwa na taa za lori, unashindwaje kumpasua mama yako kitandani? Chukua likizo. Njoo.

Ni mimi mjomba wako,
Wilibrodi Kapele


Dar es Salaam,
20 Oktoba 1991

Mjomba, shikamoo. Na Mama Josefina naye apokee shikamoo yake.

Nimefurahi kusikia kwamba kifua chake kimepona. Hapa kwetu Sharon yuko darasa la kwanza na anatufundisha sote nyimbo za shule, tutake tusitake. Debora ameacha kazi ya ofisini. Amefungua banda la kushonea nje ya lango la kambi, na wake za maofisa wanapanga zamu kwake. Kila mtu hapa anafungua kitu. Hata zahanati na hospitali za watu binafsi zimeruhusiwa tena mwaka huu, na vibao vinachipua mitaani kama uyoga. Mimi bado nipo jeshini, na cheo ni kile kile cha umeja.

Hali ya kazi si nzuri, Mjomba. Glovu zinafuliwa na kuanikwa kama soksi. Umeme ukikatika, jenereta huombwa dizeli, na dizeli huombwa sahihi tatu. Wiki iliyopita wagonjwa saba walipasuliwa, na nyuzi ziliisha kwa mgonjwa wa sita. Wa saba alishonwa kwa uzi ulioazimwa. Ndivyo siku zinavyokwenda.

Kuhusu Mama, nimesoma maneno yako mara nyingi. Tafadhali asikose orodha ya Novemba. Madaktari wale wa ndege nawasikia, ni watu hodari, na upasuaji wa shingo hufanyika vizuri sana mikononi mwao. Tena katika kazi yetu haipendezi daktari kumpasua mzazi wake. Katika shingo kuna mshipa wa sauti, mwembamba kama uzi. Mkono ukikosea kwa upana wa punje ya ulezi, mtu hasemi tena. Mkono wa mwana hutetemeka. Mwambie hivyo.

Kwa ajili ya watoto wa hapo nyumbani, tumieni chumvi yenye madini joto. Huzuia rovu kwa wale ambao bado hawajapata.

Likizo imeombwa.

Mpwa wako,
Felisian


Mpui,
8 Desemba 1991

Mpwa wangu Felisian,

Tumepata mvua ya kwanza, na majani tuliyofukia kwenye matuta yameanza kuoza vizuri. Josefina anasema maharage ya mwaka huu yatakuwa mazuri; anasema hivyo kila mwaka. Hiyo chumvi nimeipata. Mwenye duka hakuweza kunieleza kwa nini madini yale yanaitwa joto. Nimeonja, ni ya baridi kama chumvi nyingine.

Barua yako ilifika tarehe 18 Novemba, wiki moja kabla ya ndege. Nilimsomea mama yako jioni ile ile, baada ya kuinyoosha kidogo kama kawaida yangu. Alisikiliza akipukuchua mahindi. Masanja alikuwapo, yule Msukuma aliyehamia Muze na ng'ombe wake, ambaye alikuwa amepanda mteremko kuja kuuza dume. Nilipomaliza kusoma, Masanja alipiga makofi.

"Mama Meja! Saba kwa wiki moja! Huyo angekuwa anachinja ng'ombe wangu, zizi lingekwisha kabla ya Krismasi."

Mama yako akamjibu, "Nyamaza wewe, umeleta dume lenye mbavu kuliko ngazi ya kanisa. Mwanangu hachinji. Anafungua na kufunga."

Tarehe 25 tulikwenda hospitali kwa gari la paroko. Mama yako alikuwa wa nne katika orodha. Akatoka daktari wa kike, kijana, mpole, akamgusa shingo na kumwambia, "Mama, usiogope, hii nimeifanya mara nyingi." Mama yako akamtazama.

"Mwanangu, nakushukuru. Lakini ninaye wangu Dar es Salaam. Wiki moja tu kapasua watu saba, na uzi ukamwishia bado akaendelea. Huyo akija likizo atanipasua yeye. Nafasi yangu mpe huyu mwenzangu anayelia."

Akafunga khanga yake, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye gari nikisema yote anayoweza kusema mtu wa umri wangu. Hakugeuka. Nilimweleza habari ya mkono wa mwana kutetemeka, akasema, "Huo ni woga wa vijana. Akiniona utatulia."

Sasa mvua imeziba uwanja wa ndege, na madaktari hawatarudi kabla ya Agosti. Barabara ya kwenda Mbeya mwenyewe unaijua wakati huu. Basi lililoondoka Jumatatu lilikuwa bado limenasa matopeni Alhamisi. Kwa hiyo tumebaki na wewe tu. Umeandika "likizo imeombwa". Sikuulizi imeombwa na nani. Nauliza: unakuja lini?

Mjomba wako,
Wilibrodi


Dar es Salaam,
20 Januari 1992

Mjomba, shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote.

Sisi ni wazima. Sharon ameng'oka jino. Naandika upesi kwa kuwa kuna mtu anayepanda gari la Mbeya asubuhi hii.

Likizo imesogezwa hadi Juni. Kuna mabadiliko kazini na hayajaamuliwa. Nimesikitika sana kwamba Mama aliiacha nafasi ya Novemba. Akianza kupumua kwa sauti hata akiwa amekaa, mpelekeni hospitali ya mkoa Sumbawanga siku hiyo hiyo, asiulizwe anataka au hataki.

Felisian


Mpui,
1 Machi 1992

Mpwa wangu Felisian,

Mvua zinazidi. Josefina aliteleza kisimani akatenguka kiwiko, lakini kimerudishwa. Mama yako anakusalimu kwa sauti ya kukwaruza ambayo usingeitambua. Hapumui kwa sauti akiwa amekaa. Akitembea, ndiyo.

Barua yako fupi nilianza kuinyoosha kwa kalamu yangu nyekundu ili nimsomee. Nilipofika kwenye "likizo imesogezwa" nikataka kuweka mtenda, na sikumjua. Je, umeisogeza wewe? Ameisogeza mkubwa wako? Nikaiweka kalamu chini. Nikatoa sanduku la bati lenye barua zako zote tangu ulipoingia jeshini, nikazipanga mezani kwa tarehe. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Nakuandikia nilichokiona, nawe utaniambia kama nimekosea.

Mei 1979, kutoka Uganda: "Leo nimekata miguu miwili na nimeuokoa mmoja." Agosti 1983: "Nilimpasua mke wa koplo, nikatoa mapacha wakilia wote wawili." Februari 1988, kutoka Msumbiji: "Nilitoa risasi iliyokuwa imelala kando ya ini kama mtoto." Mimi sijui upasuaji, lakini najua kitenzi. Hivyo ni vitenzi vya mtu aliyesimama penye kazi yake. Nilimsomea mama yako barua hizo bila kugusa hata nukta.

Kisha ukanyamaza mwaka mzima. Ulisema ni posta ya vita. Machi 1989 ukaandika tena, na barua ikawa imepigwa taipu. Nilijivuna. Nilimwambia Josefina, "Mwana amepata ofisi, ana taipu." Tangu barua hiyo, Felisian, hujapasua mtu. Wagonjwa walipasuliwa. Upasuaji ulifanyika. Mguu ulikatwa. Jipu lilifunguliwa. Nimehesabu barua kumi na nne, na ndani yake hakuna hata "ni-" moja iliyoshika kisu. Mimi niliona uvivu wa sarufi, nikidhani ndivyo maofisa wanavyoandikiana siku hizi. Sasa sidhani.

Nakuuliza kama nilivyowauliza ninyi darasani, nikiwa nimesimama: mtenda ni nani? Wale saba walipasuliwa na nani?

Usinijibu kwa taipu.

Wilibrodi


Dar es Salaam,
11 Aprili 1992

Mjomba, shikamoo.

Sharon ana surua, anaendelea vizuri. Debora hajambo. Pole kwa kiwiko cha Mama Josefina.

Samahani kwa mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto.

Wale saba walipasuliwa na Kapteni mmoja kijana ambaye nilimfundisha mwenyewe kufunga fundo. Mimi nilikuwa stoo nikitafuta nyuzi. Ndiyo kazi yangu: vifaa tiba, na kupima makuruta. Fungua mdomo, kohoa, vaa, anayefuata. Hiyo ndiyo kazi ya mpasuaji wa vita viwili.

Aprili 1988, huko Msumbiji, lori letu lilipinduka. Naam, lilipinduka, hapo hakuna wa kulaumiwa. Kioo kilinikata kifundo cha mkono wa kulia, upande wa ndani. Kidonda kilipona, lakini kidole gumba na cha shahada havikurudi. Naviona vikienda, ila havina habari ya kitu vilichoshika. Nilificha. Januari 1989 niliingia chumba cha upasuaji kushona ngiri, jambo ambalo hata mwanafunzi hulifanya. Nikafunga fundo, nikaamini limekaza. Halikukaza. Mgonjwa alivuja damu hadi yule kijana akanisogeza kwa bega na kuizuia mwenyewe. Mgonjwa aliishi. Mimi nilivua glovu, na tangu siku ile sijavaa.

Sikuweza kumwandikia Mama maneno haya. Niliiuzia kwaya nzima ya Mpui hadithi ya mkono huu, na yeye ameitembeza kote. Lakini sikumdanganya, Mjomba. Ulitufundisha darasa la sita kwamba muungwana asiyetaka kumshitaki mtoto wa jirani husema "sahani imevunjika", basi, hasemi zaidi. Nikajificha humo. Kila barua niliipima neno kwa neno isiwe na uongo. Nilidhani siku moja Mama mwenyewe ataona kwamba simo, na atanisaidia kwa kuniuliza.

Kuna jingine. Tajiri mmoja anajenga hospitali ya binafsi hapa mjini. Amenifuata. Hataki mkono wangu, anataka kibao: Meja Daktari F. Kalonga, Mpasuaji Mkuu. Vijana watapasua, mimi nitapita vitandani na koti jeupe. Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri tangu Desemba, na hayo ndiyo "mabadiliko kazini". Likizo niliisogeza mimi, kwa sababu nilijua nikifika Mpui nitawekewa kisu mkononi mbele ya ukoo mzima.

Sasa nami nina swali, na sikuulizi kwa utovu wa adabu. Umeandika kwamba Mama alimwambia daktari yule, "Wiki moja tu kapasua watu saba." Barua yangu haikusema hivyo. Nakala ya taipu ninayo hapa mbele yangu: "walipasuliwa". Kwa miaka mitatu nimekuwa mwangalifu kama mtu anayevuka mto kwa kamba. Mama hasomi, anasomewa na wewe. Neno hilo alilipata wapi?

Mpwa wako,
Felisian


Mpui,
17 Mei 1992

Mpwa wangu Felisian,

Tumepewa afya. Mvua imekata, na baridi imeanza kushuka usiku. Poleni kwa surua ya mtoto. Asitoke kwenye upepo. Maharage yamekuwa mazuri kama Josefina alivyosema, na sasa hatupumziki kulisikia hilo.

Neno hilo alilipata kwangu.

Nimekaa na barua yako siku nane kabla ya kuandika sentensi hiyo. Tangu Machi 1989, kila barua yako ilipofika nilikaa nayo na kalamu nyekundu kabla ya kwenda kwa mama yako. Sikuweza kusoma kwa sauti sentensi isiyo na mtenda. Miaka thelathini na miwili niliwapigania watoto wa watu waseme nani amefanya nini, na mwanafunzi wangu bora ananiletea "upasuaji ulifanyika". Basi nilisahihisha. Palipokuwa na "walipasuliwa" niliandika juu yake "niliwapasua". Palipokuwa na "ulifanyika" niliandika "niliufanya". Sikudhani naongeza habari. Nilidhani naondoa kosa. Wewe ulipima maneno usiseme uongo, nami niliyapima upya hadi yakawa uongo, na mama yako akaondoka kwenye benchi la hospitali kwa sababu ya wino wangu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake na Josefina, nimebeba sanduku la bati. Alikuwa anapepeta ulezi. Nikamwambia, nikiwa nimesimama, kwa sababu sikustahili kigoda. Alisikiliza bila kuacha ungo. Nilipomaliza akauliza:

"Kwa hiyo zile barua si za Felisi?"

"Ni zake. Nilizinyoosha."

"Ulizinyoosha." Akaweka ungo chini. "Kumbe miaka mitatu nilikuwa naandikiwa na wewe, kaka. Mtu nakaa naye hatua hamsini, napikia wageni wake, halafu ananiandikia barua kutoka Dar es Salaam."

Josefina alicheka, kisha akaona haifai. Mama yako hakucheka.

"Haya. Zisome zilivyo. Zote. Na hiyo kalamu mpe Josefina."

Nikamsomea barua kumi na nne kama ulivyoziandika, na fupi ya Januari, na hii ya mkono wa kushoto mwisho. Tulianza Jumapili tukamaliza Jumatatu alasiri, maana alinirudisha nyuma mara nyingi. Kila "walipasuliwa" iliposikika alitikisa kichwa kidogo. Alisema, "Huyu mtoto amekaa mlangoni miaka mitatu anabisha, na wewe umeweka komeo." Habari ya lori alitaka aisikie mara mbili.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Sasa anakula na nini?"

Miaka ishirini najua cheo chako, kambi zako na idadi ya miguu uliyokata, na hilo sikulijua. Tuandikie.

Mwandiko wako wa kushoto ni mbaya. Herufi zinaegemeana kama walevi. Endelea nao, na taipu uiache ofisini.

Hili la kibao nimelisoma mara nne. Nilikuwa na ushauri mrefu, nimeufuta. Mtu aliyefanya kibao cha jina lako kwa miaka mitatu, tena bila hata kulipwa kwa shukrani, hana la kukwambia.

Mama yako anataka kukuandikia mwenyewe. Amenikalisha hapa mezani, na Josefina amesimama nyuma yangu kuangalia mkono wangu. Nitaandika anavyosema. Nimeambiwa nikigusa neno lolote, karatasi itapelekwa kwa Masanja aiandike yeye.

Mjomba wako,
Wilibrodi


Mpui,
Siku hiyo hiyo

Felisi mwanangu,

Ni mimi mama yako nasema. Mwalimu anashika kalamu tu.

Sisi wazima. Kuku wako yule wa kijivu alikufaga zamani, sikukwambia. Nami nilikuwaga na vyangu vya kuficha, usijione peke yako.

Nimesikia habari ya mkono. Nimelia, nimemaliza. Sasa nakuuliza, unakula na nini? Kama ni kushoto, ule tu, Mungu anaona. Ukija hapa atakayekuangalia vibaya mezani atatoka yeye.

Huyo tajiri mwenye kibao mwambie aandikage jina lake. Na yeye si ana jina? Mimi nimeona kazi ya jina lako likitembea peke yake. Lilinitoa kwenye foleni nikiwa mtu wa nne.

Stoo ni kazi. Hao watu saba wangeshonwa na nini kama hukuleta uzi? Mwalimu hakusimamaga hapo, alipita mbio kwenda kwenye visu.

Nimekubali yule dada wa ndege anipasue Agosti. Nimemtumia paroko jina langu tena, na siku hiyo sitoki hata nikiambiwa askofu ndiye mwanangu. Hiyo habari ya uzi wa sauti nimeisikia. Ukikatika basi, nimeimba ya kutosha, na kaka yangu ataongea kwa niaba yangu kama alivyozoea. Hapo anakunja uso, lakini anaandika.

Wewe uje. Si kwa kisu. Nguo za jeshi acha huko, uje na shati. Pale nje ya mlango wa kupasulia kuna benchi refu, ndugu wanakaaga pale tangu asubuhi, hawali, hawajui kitu, wanaangalia mlango. Wewe miaka yote ulikuwaga ndani, hujawahi kukaa hapo. Ukae hapo na mjomba wako na Josefina. Usiende kuwafundisha kazi. Ukae.

Halafu mlango utafunguliwa, mtu atatoka aulize, ndugu wa Evodia ni nani.

Usimame wewe.